Soka la mchangani kwetu linahitaji ratiba kabla ya nyasi

Naishi Hamburg. Kila nikiisifia ligi ya mtaa ya huku, jamaa zangu wa Dar hudhani nasifia nyasi. Nyasi zipo, lakini wivu wangu uko kwenye ratiba.

Timu ya hapa mtaani inacheza Kreisliga, ngazi ya 8 ukihesabu kuanzia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Wachezaji ni mafundi umeme, madereva, wanafunzi. Kabla msimu haujaanza, kila mmoja anajua atacheza na nani, wapi, mpaka mwakani. Hakuna anayesubiri mfadhili; wanachama wanalipa ada, klabu ni yao. Na kuna utaratibu mmoja naupenda mno: klabu inatakiwa kutoa waamuzi kulingana na idadi ya timu zake, ikipungukiwa inalipa faini. Kwa hiyo utamkuta kijana mdogo yuko peke yake uwanjani, hana hata mshika kibendera, mabeki waliomzidi umri wanamfokea kuwa mtu ameotea, naye anaamua mwenyewe, mpira unaendelea.

Njia ya kupanda pia ipo wazi. Bingwa wa kombe la Hamburg anaingia Kombe la Ujerumani, DFB-Pokal. Mwaka 1994 timu ya ridhaa ya Vestenbergsgreuth iliifunga Bayern Munich 1-0 humo humo.

Ila watazamaji wa Kreisliga ni wachache mno. Kwetu, tangu Ndondo Cup, kombe la timu za mitaani Dar, ianze 2014, tumeona watu wanavyojaa, ngoma zinavyolia, mtaa mzima unavyohama kwenda kumsindikiza mtoto wao. Mapenzi yale Hamburg hawana.

Inaniuma kwamba tunayamaliza kwenye kombe la mbuzi la wiki mbili. Timu inakodi mamluki, mbuzi analiwa, na yule winga wa miaka 17 anarudi kijiweni mpaka atokee mfadhili mwingine. Kipaji hakikui kwa mechi 5 kwa mwaka! Vyama vya soka vya wilaya vianze na hilo: ligi ya miezi mingi, tarehe zijulikane mapema, hata kama uwanja ni vumbi tupu.

Na sisi tulio huku, kila tukichangishana tunatuma jezi. Safari hii tulipie kozi za waamuzi, wawili wawili kwa kila timu.