Kanuni haijafunikwa, spika ndiyo inayoila

Mwandishi mmoja anasema kwenye Fusing the Roots (2018), albamu ya bendi ya Zanzibar, Siti & the Band, kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonoa) ya Gora Mohamed imefunikwa na ala nyingine. Siyo! Spika ya simu ndiyo inayoimeza. Karibu kila sauti ya kanuni hutoka kwenye nyuzi tatu zilizolinganishwa sawasawa, na daraja lake limekaa juu ya ngozi, ndiyo maana mlio unang'aa kisha unazimika upesi. (Ngozi ikinywa unyevu wa Unguja hulegea, sauti zikashuka.) Simu hukata besi, udi (ala ya nyuzi inayofanana na gitaa) wa Siti Amina ukabaki mkavu na kugongana na kanuni. Vaeni hedifoni, zimeni ile besi ya kuongeza, mfuate fidla ya Rahma Ameir. Fidla huteleza hadi sauti zilizo katikati ya noti mbili, ambazo kinanda cha kawaida hakina. Kwangu hapo ndipo taarabu inapokaa.