Mtu wa saba kwenye kaya ya watu sita

Huku Moshi jaribu tu kusema familia zinazolea watoto wa kambo, yaani watoto wasio wao waliokabidhiwa kupitia ustawi wa jamii, zisaidiwe, utajibiwa hapohapo: kwani alilazimishwa? Nimelisikia kwenye daladala ya Kiborloni, nimelisikia kanisani, na kiukweli wanaosema hivyo sio watu wabaya. Wanaogopa kwamba ukianza kutoa hela kwa kila anayechukua mtoto, kesho mtu atachukua watatu, watoto wauze karanga stendi yeye asaini posho. Siibezi hofu hiyo, wangapi wameletwa mjini "kusomeshwa" wakaishia kuwa mahausigeli.

Ila tuangalie na huku kwingine, maana huwa tunapapita mbio. Mama ana genge lake Pasua, anaomba kulea mtoto, afisa ustawi wa jamii anakuja kukagua, mtoto atalala wapi, kipato kipo, sawa kabisa na inatakiwa iwe hivyo. Anapewa mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka amtunze kama mzazi. Afu? Afu ndo basi. Na hapo kuna mtego, ili upewe mtoto lazima uonyeshe una uwezo, ukishaonyesha una uwezo wewe tena sio kaya maskini, mambo ya TASAF, ule mfuko unaosaidia kaya maskini, sahau. Yaani kufaulu kwako ndo kumekukosesha.

Kinachoniuma zaidi ni bima. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilivyokuja ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, bei ambayo hata mwenye genge anajikamua anaipata. Sasa hesabu na mimi: baba, mama, watoto watatu, bibi. Sita hao wameisha. Wa kambo ni wa saba, na ndo huyo huyo aliyekuja na kifua, amekonda, usiku anashtuka analia na kukojoa kitandani, yaani anayeihitaji kadi kuliko wote mle ndani ndo hana. Umtoe bibi? Na sukari yake? Watu wazima wanakaa jioni wanajadili nani asiugue mwaka huu, afu sisi tunasema alijitakia.

Shule usiseme, ada ilifutwa 2016 ila sare, madaftari na hela ya uji viko palepale.

Na Arusha na Moshi hazina shida ya hela za watoto yatima, hebu tuambiane ukweli, vituo vimejaa, mtalii akishuka mlima anapitishwa, anapiga picha, anaacha dola. Vingine vinafanya kazi nzuri na vina watoto ambao wasingekuwa na pa kwenda. Lakini hela hiyo inamfuata mtoto akiwa kituoni tu, siku akihamia kwa mama wa Pasua inaishia getini.

Sasa wale wa "atalea kwa ajili ya hela", nani kasema lazima iwe noti mkononi? Mpe mtoto kadi yake, jina lake, iende naye popote. Mpe sare. Afisa ustawi apewe nauli arudi baada ya mwezi, sio aonekane mpaka kesi ifike polisi. Maana huyo anayekuja kuulizia kadi na sare ndo huyohuyo atakayemkuta mtoto anauza karanga Jumanne saa nne asubuhi.