Josh Gibson juu ya Ty Cobb: takwimu zimeungana, ubishi haujaisha

Tangu mwishoni mwa Mei 2024, ukiuliza nani ana wastani mkubwa kuliko wote wa kupiga mpira katika historia ya besiboli ya Marekani, jibu rasmi si Ty Cobb, nyota mzungu wa mwanzoni mwa karne ya 20, tena. Ni Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, timu ya Ligi za Weusi, ambaye hakuruhusiwa kucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu, yaani MLB, kwa sababu alikuwa mweusi. MLB iliingiza kwenye kumbukumbu zake takwimu za Ligi za Weusi, yaani ligi walizocheza weusi waliofungiwa nje ya MLB, za miaka ya 1920 hadi 1948, za wachezaji zaidi ya 2,300, na majina yaliyokaa kileleni kwa karne nzima yakashuka ngazi moja au mbili. Gibson ana .372, Cobb ana .367. Kwa asiyeufuata mchezo huu: .372 maana yake ni kwamba katika kila zamu 1,000 za kupiga, mpigaji alifanikiwa kufika kituoni kwa mpigo wake mara 372. Mpigaji wa leo akimaliza msimu na .300 anahesabiwa kuwa mzuri sana.

Mashabiki wamegawanyika, na mgawanyiko huo si wa wenye chuki upande mmoja na wenye haki upande mwingine. Wapo watu wanaoipenda historia ya Ligi za Weusi kwa dhati na bado hawaridhiki na kilichofanyika. Mimi naona hatua hii ilikuwa sahihi na ilichelewa mno. Lakini hoja za wanaopinga zina uzito, na moja kati yake sijaona bado ikijibiwa.

Nianze na hoja ya mahesabu, kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi. Cobb alicheza misimu 24, kuanzia 1905 hadi 1928, na alisimama kupiga zaidi ya mara 11,000. Zamu za Gibson zilizothibitishwa zimezidi 2,000 kidogo tu. Msimu wake wa 1943, ambao sasa ndio unaoongoza kwa wastani wa msimu mmoja, .466, haukufika hata nusu ya mechi 154 ambazo timu za wazungu zilicheza wakati ule. Nafasi hiyo hapo awali ilikuwa ya Hugh Duffy, aliyepiga .440 mwaka 1894. Kila anayejua hesabu za mchezo anaelewa kwamba katika mechi chache ni rahisi mpigaji kuwa wa moto mwanzo mpaka mwisho, na kwamba msimu mrefu humrudisha kila mtu kwenye kiwango chake halisi. Juu ya hayo, kumbukumbu zenyewe hazijakamilika. Kamati iliyoongozwa na John Thorn, mwanahistoria rasmi wa MLB, ilifanya kazi na takriban robo tatu ya takwimu za ligi hizo. Robo iliyobaki imelala kwenye magazeti ambayo hayajapatikana, au haikuandikwa kabisa.

Haya yote ni kweli. Ila uchache wa mechi una chanzo chake, na chanzo hicho ndicho kiini cha kesi. Timu za weusi hazikuweza kuishi kwa mapato ya mechi za ligi peke yake. Zilipanda basi zikazunguka miji, zikacheza na timu za viwanda, za mitaa, na yeyote aliyeweza kujaza viti, wakati mwingine mechi mbili au tatu kwa siku moja. Mechi hizo hazimo kwenye .372 ya Gibson, wala hazimo misimu aliyocheza Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kibao chake kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli, huko Cooperstown, alikoingizwa mwaka 1972, kinasema alipiga karibu homurani 800 (mipigo inayompa mpigaji mzunguko kamili wa vituo vyote) katika mechi za ligi na za nje ya ligi. Kumbukumbu mpya zinampa chini ya 200. Hapa shabiki wa soka atakumbuka ubishi wa mabao ya Pelé, yale zaidi ya elfu moja yanayojumlisha mechi za kirafiki za Santos. Tofauti ni kwamba Pelé ligi haikumfungia mlango. Na kamati ya Thorn ilichukua njia ya wabahili: ilihesabu mechi za ligi zenye ushahidi, mengine yote ikayaacha. Anayesema MLB ilimpendelea Gibson hajaangalia alichonyimwa.

Kuhusu msimu mfupi, mwaka 2020 korona iliifanya MLB icheze mechi 60 tu. Juan Soto akamaliza na .351 na kutambuliwa kuwa bingwa wa kupiga wa National League, DJ LeMahieu akachukua ubingwa wa American League, nusu ya pili ya MLB, kwa .364. Kuna waliolalamika, lakini hakuna aliyefuta mabingwa hao. Kamati yenyewe iliutazama msimu huo ilipokuwa ikiamua, na nadhani ni mfano ambao hauna njia ya kuukwepa.

Hoja inayofuata ni ya ubora. Inasemwa kwamba Ligi za Weusi zilikuwa na nyota wakubwa, lakini nyuma yao kulikuwa na wachezaji wa kawaida, kwa hiyo Gibson alikuwa akiwapiga warushaji ambao wasingepata nafasi kwenye ligi kubwa. Huenda wengine walikuwa hivyo. Lakini angalia kilichotokea mlango ulipofunguka. Jackie Robinson, mweusi aliyevunja kizuizi cha rangi cha MLB, aliingia Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kuanzia 1949 hadi 1959, tuzo ya mchezaji bora wa National League ilitolewa mara 11, na mara 9 ilichukuliwa na mtu aliyepitia Ligi za Weusi: Robinson, Roy Campanella mara tatu, Willie Mays, Don Newcombe, Hank Aaron, Ernie Banks mara mbili. Ligi dhaifu haitoi watu wa aina hiyo, tena mfululizo kiasi hicho. Na hoja hii ya ubora inakata pande mbili. Cobb katika misimu yake yote 24 hakuwahi kukutana na mrushaji mweusi kwenye mechi ya ligi. Babe Ruth, nyota mwingine mzungu wa enzi hizo, vivyo hivyo. Tunapojiuliza .372 ingekuwa ngapi mbele ya warushaji wote bora wa nchi, swali lilelile linaihusu .367.

Kuna jambo jingine kuhusu .367 ambalo wengi wa wanaoitetea hawalitaji. Mwaka 1910, Cobb wa Detroit na Nap Lajoie wa Cleveland walikuwa wakigombea ubingwa wa kupiga wa American League, na kampuni ya Chalmers ilikuwa imeahidi gari kwa mshindi. Cobb alijiona ameshashinda, akakaa nje mechi za mwisho ili wastani wake usishuke. Siku ya mwisho Lajoie alicheza mechi mbili dhidi ya St. Louis Browns. Kocha wa Browns, aliyemchukia Cobb kama wengi wa enzi zake, alimwamuru mlinzi wa kituo cha tatu, kijana aliyeitwa Red Corriden, asimame mbali nyuma. Lajoie akawa anaugusa tu mpira unaanguka karibu, kisha anakimbia bila bughudha mpaka kituo cha kwanza. Alimaliza siku na mipigo 8. Kocha alifukuzwa kazi, rais wa ligi akamtangaza Cobb bingwa kwa tofauti ndogo mno, na Chalmers wakaona bora wawape magari wote wawili. Miongo mingi baadaye watafiti wakagundua kwamba mechi moja ya Cobb ya mwaka huo, aliyopiga 2 katika zamu 3, ilikuwa imeandikwa mara mbili. Mwaka 1981 kamishna wa MLB, Bowie Kuhn, akakataa kurekebisha. Mpaka leo MLB inampa Cobb mipigo 4,191 na wastani wa .367, tovuti ya Baseball-Reference inampa 4,189 na .366.

Kwa hiyo kumbukumbu zilizokuwepo kabla ya 2024 hazikuwa safi kama tunavyoambiwa. Zilijaa maamuzi ya watu. Mwaka 1969 kamati maalum iliamua ni ligi zipi za zamani ziitwe kuu, ikazipa hadhi hiyo ligi sita. Mojawapo ni Union Association, iliyoishi msimu mmoja tu, 1884, huku baadhi ya timu zake zikivunjika kabla msimu haujaisha. Timu ya mwanzilishi wa ligi hiyo, St. Louis Maroons, ilishinda mechi 94 na kupoteza 19. Takwimu za ligi hiyo ziliingizwa na hakuna aliyeandamana. Ligi za Weusi hazikujadiliwa hata kidogo. Kigezo cha uthabiti wa ratiba na ubora wa wapinzani kilikuja kukumbukwa baadaye, zilipofika kumbukumbu za kina Gibson.

Wengine huuliza: kama ni hivyo, kwa nini Ichiro Suzuki asihesabiwe mipigo yake 1,278 ya Japani pamoja na 3,089 ya MLB? Jibu ni fupi. Ligi ya Japani ina kumbukumbu zake, mabingwa wake na heshima yake, na Ichiro alipotaka kuvuka alivuka. Gibson alikuwa Mmarekani aliyekatazwa kucheza katika ligi ya nchi yake.

Hoja inayonisumbua ni nyingine, na inatoka kwa watu wa upande wa Gibson mwenyewe. Wanasema kuunganisha takwimu kunafanya ubaguzi uonekane kama kosa la karani ambalo sasa limesahihishwa. Kijana wa leo akifungua orodha ataona Gibson na Oscar Charleston wa Ligi za Weusi, pamoja na Cobb na Ted Williams wa MLB, wamepangwa safu moja, kana kwamba walikula meza moja. Ligi za Weusi hazikuwa tawi la MLB. Rube Foster aliitisha wenye timu Kansas City mwaka 1920, wakaanzisha Negro National League kwa fedha zao, na magazeti ya weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier yakachapisha matokeo yake. Wachezaji wale walijua uwezo wao bila kungoja muhuri wa ofisi ya New York. Sasa ofisi hiyohiyo, iliyowafungia nje, inatangaza kwamba wao walikuwa wa ligi kuu, na sifa za tangazo zinaiendea yenyewe. Mwaka 2022 timu mbili zilizocheza fainali ya World Series hazikuwa na hata mchezaji mmoja mweusi mzaliwa wa Marekani, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1950. Ni haki kuuliza kama ni rahisi zaidi kwa MLB kuwaheshimu waliokufa kuliko kuwekeza kwenye viwanja vya mitaa ambako watoto weusi wameacha kuushika mpira huu.

Sina jibu linalolifuta swali hilo, na sidhani linapaswa kufutwa. Ninachosema ni kwamba kuziacha takwimu nje kusingeileta MLB karibu zaidi na ukweli. Gibson alifariki kwa kiharusi Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia uwanjani Brooklyn. Ted Williams, alipoingizwa kwenye Jumba la Mashujaa mwaka 1966, alitumia sehemu ya hotuba yake kuomba kwamba Gibson na Satchel Paige, mrushaji maarufu wa Ligi za Weusi, nao wapewe nafasi pale. Williams alijua alichokuwa akisema. Ndiye aliyesifiwa kwa miaka zaidi ya 80 kuwa mtu wa mwisho kufikisha .400, kwa .406 yake ya 1941, na kumbukumbu mpya zimemwondolea sifa hiyo. Njia nzuri ya kuzuia orodha isifiche historia ni kuonyesha idadi ya zamu na jina la ligi mbele ya kila wastani, wa Gibson na wa Cobb pia, kila orodha hiyo inapochapishwa. Msomaji aone 2,000 na 11,000, aulize kwa nini, na akute maelezo palepale.

Na kuna jambo ambalo kamati yenyewe inapaswa kulirudia: mstari wa 1948. Ulichorwa hapo kwa sababu Negro National League ilikufa baada ya msimu ule, na nyota walikuwa wameanza kuhamia MLB. Negro American League, ligi nyingine ya weusi, iliendelea, lakini misimu yake ya baadaye haihesabiwi. Ndiyo maana homurani za Hank Aaron zimebaki 755, ingawa mwaka 1952 alianzia Indianapolis Clowns. Kwa 1952 naielewa sababu, maana ligi ilikuwa imeshapungua sana. Kwa 1949 siielewi. Willie Mays, aliyefariki Juni 2024 akiwa na miaka 93, aliongezewa mipigo 10 aliyoipata akiwa kijana wa Birmingham Black Barons mwaka 1948, na jumla yake ikafika 3,293. Mwaka uliofuata alicheza timu ileile, kwenye uwanja uleule wa Rickwood Field, na hakuna hata mpigo mmoja wa mwaka huo uliohesabiwa. Ligi ya 1884 yenye timu zilizovunjika katikati ya msimu imo kwenye kumbukumbu. Msimu wa 1949 wa Negro American League unastahili angalau kupimwa, timu kwa timu, kabla ya kuachwa nje.