Udogo wa Saanane unaotusumbua bure

Mjadala wowote kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane huanza na namba moja: kilomita za mraba 2.18. Serengeti ina 14,763. Ukipiga hesabu, Saanane inaingia ndani ya Serengeti zaidi ya mara 6,700. Hata Gombe, ambayo nayo huhesabiwa kuwa ndogo, ina zaidi ya 50. Ndipo watu wanauliza: kisiwa kilicho dakika chache kwa boti kutoka Capri Point jijini Mwanza, ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu na kukimaliza siku hiyo hiyo, kinastahili kweli kuitwa hifadhi ya taifa? Si kingeachwa tu kiwe bustani ya wanyama kama kilivyoanza?

Wanaouliza hivyo hawasemi ovyo. Bustani ilianzishwa mwaka 1964, baada ya mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale, kuhamishwa, na wanyama wakaletwa kutoka kwingine. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 2013. Swala pala wanaolisha pale leo wana asili ya kuletwa, na kundi dogo lililozungukwa na maji haliwezi kupata damu mpya mpaka binadamu ailete kwa boti. Wakosoaji wakitaka mfano wa hifadhi ndogo yenye sababu, wanao jirani tu: Saiwa, karibu na Kitale nchini Kenya, haifiki kilomita za mraba 3, lakini ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, aina ya swala wa kinamasi, waliokuwa tayari wakiishi kwenye kinamasi kile. Saiwa ilimfuata mnyama alipo. Saanane, wanasema, ilitafutiwa wanyama.

Hoja hiyo ni nzuri kwa anayehesabu swala. Mimi nadhani tunahesabu kitu kisichohusika sana.

Tuanze na nchi kavu. Serengeti huioni bila gari, na gari la siku nzima ni fedha ambazo familia nyingi za Mwanza hazitazipata mwaka huu wala mwakani. Wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo ndizo jiji lenyewe, zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 katika sensa ya 2022. Kwa mtoto wa Igoma au Kirumba, Saanane ni hifadhi anayoweza kuifikia kwa daladala na boti, halafu akatembea. Anapita kwenye njia kati ya mawe makubwa, anasimama anapotaka, anainama kutazama kitu. Asubuhi atawakuta pimbi wamebanana juu ya jabali wakiota jua, kwa kuwa miili yao haitunzi joto vizuri. Akitazama ubavu wa jabali ataona michirizi myeupe inayoteremka. Ni mkojo wa pimbi wa miaka na miaka, maana wana mazoea ya kujisaidia mahali pamoja. Anayelalamika kwamba kisiwa hakina tembo, hapo ameshamwona mmoja wa ndugu wa karibu zaidi wa tembo waliobaki duniani. Juu kidogo atakuwepo mjusi wa mawe, dume lenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la Mwanza. Huyo hakuna aliyemleta.

Lakini kubwa zaidi liko majini, na sijui kwa nini halizungumzwi. Katika zile kilomita za mraba 2.18, nchi kavu ni karibu 0.7 tu. Sehemu kubwa ya hifadhi hii ni Ziwa Victoria.

Ziwa hili lilikuwa na aina za furu, samaki wadogo wa ziwani, zinazokadiriwa kufikia 500. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wa maji ya wazi walikuwa wameporomoka vibaya sana. Walionusurika zaidi ni wa miambani, kwa sababu sangara mkubwa hawezi kuwafuata katikati ya mawe. Furu hawa wana tabia mbili ambazo zingetakiwa kubadili mjadala mzima. Kwanza, jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo huzaa wachache, na kokoro, wavu wa kukokotwa, likipita mara moja linafuta kazi ya msimu. Pili, wengi hawathubutu kuvuka mchanga kwenda mwamba mwingine, hata wapo waliojulikana kwenye visiwa vichache tu vya Ghuba ya Mwanza. Kwa samaki wa namna hiyo, mita mia kadhaa za miamba isiyovuliwa ni nchi nzima. Udogo tunaoulalamikia kwa macho ya swala, kwa furu si udogo.

Kuna hoja mbili za kupinga ambazo sizipuuzi. Mvuvi mwenye mtumbwi mmoja anaona eneo la kutega limepungua, na faida ya mazalia ya samaki kulindwa haimfikii siku hiyo hiyo. Anastahili kuelezwa ana kwa ana, na mapema, kabla ya kukamatwa. Nyingine ni nzito zaidi: mpaka wa hifadhi hauzuii maji machafu ya jiji. Furu hutambuana kwa rangi wakati wa kuzaliana, na maji yakizidi kuwa na tope, aina zinachanganyika mpaka tofauti zao zinapotea. Mlinzi mwenye boti anaweza kumzuia mwenye nyavu. Mfereji wa maji taka uko nje ya uwezo wake.

Hilo ni deni la jiji. Halifanyi hadhi ya hifadhi kuwa kosa, bali linaipa jiji sababu ya kisheria na ya aibu ya kusafisha mifereji yake. Nafuu nyingine ingeanza kesho bila gharama kubwa: matembezi ya wanafunzi yaanzie ufukweni, kwenye furu, kabla ya kupanda kwenda kwa swala. Na siku wataalamu wakisema kundi la swala haliwezi kuendelea pale, wahamishwe. Pimbi, mjusi mwekundu na miamba iliyo chini ya maji vitabaki, na mpaka uliochorwa mwaka 2013 utaendelea kuwa na kazi ya kufanya.