Nusu siku ya daktari bingwa: nani abebe gharama yake?

Daktari bingwa anayefundisha katika hospitali ya rufaa huku Nyanda za Juu Kusini hubeba kazi tatu kwa mpigo. Anatibu wagonjwa, anafundisha wanafunzi wa udaktari pamoja na madaktari tarajali, na akitaka kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi na kuendelea, lazima awe na machapisho ya utafiti. Kazi mbili za kwanza zina ratiba. Ya tatu haina, kwa hiyo inafanyika nyumbani usiku watoto wakishalala, au haifanyiki kabisa.

Ndiyo maana hoja hii inazidi kusikika: hospitali iwatengee mabingwa wanaofundisha muda rasmi, tuseme nusu siku kwa wiki, usioguswa na kliniki wala wodi. Uwe muda wa kuandaa masomo, kuandika, kulea madaktari wadogo au kujiendeleza. Wanaoipinga wana swali moja zito: mgonjwa aliyetoka Sumbawanga na karatasi ya rufaa mkononi, akafika siku hiyo, ataonwa na nani?

Nianze na swali la mgonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inahudumia mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300. Mtu anauza gunia la mahindi, anapanda basi alfajiri, analala kwa ndugu Uyole au Mwanjelwa, kesho yake anapanga foleni. Ukimwambia kwamba leo daktari yuko kwenye muda wake wa kitaaluma, umemtukana. Halafu kuna barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Malori yanayokwenda Tunduma, miteremko ya Inyala na Mlima Nyoka, na bodaboda za mjini, vyote vinaleta majeruhi saa yoyote. Kwenye idara yenye bingwa mmoja, ukimtoa huyo umeifunga idara.

Upande huo una hoja nyingine, isiyosemwa sana vikaoni ila kila mkazi wa jiji anaijua. Pita Mwanjelwa au Soweto uangalie mabango ya zahanati na polikliniki: daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 10 jioni. Mkurugenzi wa hospitali akisoma bango la namna hiyo anaogopa kwamba nusu siku ya utafiti itaanza saa 8 mchana na kuishia huko. Siwalaumu wanaofanya kazi jioni. Ada ya shule hailipwi kwa machapisho. Lakini hofu ya mkurugenzi haikutoka hewani.

Na manesi je? Nesi anayekesha peke yake na wodi nzima ana haki ya kuuliza kwa nini ustawi wa watumishi umeanza kuwa ajenda ulipomfikia daktari. Sina jibu la kumridhisha, na sijaona aliyenalo.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza uchovu wa kazi uliopitiliza katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuifanyia kejeli, na kushuka kwa ufanisi. Ile ya katikati ndiyo mgonjwa huiona kwanza. Daktari aliyezoea kueleza kwa subira sasa anaandika bila kuinua uso, na mgonjwa anageuka kuwa "yule wa kitanda namba sita". Daktari tarajali aliyesimama pembeni kwenye raundi anajifunza dawa, na anajifunza hilo nalo. Bingwa aliyechoka akifundisha, uchovu wake unarithiwa.

Wapo watakaosema udaktari ni wito, asiyeweza aondoke. Hao wanatetea kiapo kama kilivyokuwa zamani. Oktoba 2017, mjini Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha marekebisho ya Azimio la Geneva, ambalo ndilo kiapo cha kisasa cha madaktari, kikaongeza ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake, ustawi wake na uwezo wake ili atoe huduma ya kiwango cha juu kabisa. Ahadi hiyo imewekwa kwa faida ya mgonjwa.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi na wanaodai muda rasmi unatoka Mayo Clinic, hospitali kubwa ya kufundishia ya Marekani, katika utafiti uliochapishwa 2009. Madaktari walimu waliulizwa ni kazi ipi ina maana zaidi kwao, na wanaipa sehemu gani ya muda wao. Walioipa angalau asilimia 20, yaani kama siku moja kwa wiki, kiwango cha uchovu uliopitiliza kilikuwa kama asilimia 30. Walioipa chini ya hapo, kilifika karibu asilimia 54. Tofauti hiyo si ndogo, ingawa utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yakienda pamoja tu. Hauthibitishi kwamba moja limezaa lingine.

Lakini wanaoutaja husahau kusoma mbele kidogo. Walipoulizwa kazi yenye maana zaidi ni ipi, wengi hawakutaja utafiti wala ualimu. Walitaja kuhudumia wagonjwa. Kwa daktari wa aina hiyo, kumtoa wodini kila wiki ili akaandike ni kumwongezea mzigo. Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka nusu siku ileile kwa kila mtu. Mmoja furaha yake ni upasuaji mgumu ambao haupati kwa sababu siku zake zimejaa vikao. Mwingine anataka kuandika. Jijini hapa kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, chenye jina katika utafiti wa VVU na kifua kikuu, na anayepata nafasi ya kushirikiana nacho anahitaji saa za mchana. Maabara haimsubiri saa tano usiku. Wa tatu anataka kukaa na madaktari tarajali tu, awafundishe mkono kwa mkono namna ya kutoa maji ya uti wa mgongo bila kumuumiza mtoto. Swali la kwanza kwa kila mmoja lingekuwa: ni kazi ipi inakufanya urudi kesho?

Tahadhari moja. Mzigo wa daktari wa Marekani una sura yake: kompyuta, kampuni za bima, hofu ya kushtakiwa. Wa kwetu unauma zaidi daktari anapojua tiba lakini kitendanishi cha maabara kimeisha, au mashine iko matengenezoni na ndugu wa mgonjwa wanamtazama yeye. Nusu siku haileti kitendanishi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiuza kama dawa ya yote.

Kinachopendwa zaidi na viongozi ni semina. Ukumbi, bango, mtaalamu wa saikolojia, chai na sambusa, picha ya pamoja. Hainiudhi, sambusa ni sambusa. Ila uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba hatua zinazobadilisha taasisi yenyewe, kama vile ratiba na kiasi cha kazi, zilipunguza uchovu wa madaktari zaidi kuliko zile zinazomlenga daktari mmoja mmoja. Ukimfundisha mtu kupumua kwa utulivu, kisha ukampangia zamu ileile ya jana, hujabadilisha kitu.

Kuna sehemu moja, hata hivyo, ambako jambo dogo lingefanya kazi kubwa. Kila kifo cha mama mjamzito hujadiliwa kikaoni. Faili linafunguliwa na maswali yanaanza: ulipigiwa simu saa ngapi, ulifika saa ngapi, damu ilipatikana saa ngapi, nani aliidhinisha upasuaji. Ni maswali sahihi, na kikao cha namna hiyo kikifanywa vizuri kinaokoa wengine. Kikiisha, daktari anafunga faili na kurudi leba, ambako mwingine ameshafika akiwa na presha iliyopanda. Hakuna aliyemuuliza amelalaje. Msaidizi wake, daktari wa miezi minne kazini, ndiye aliyeshika mkono wa marehemu, naye haulizwi.

Hapo Mayo Clinic hapohapo jaribio jingine, la 2014, liliwaweka madaktari katika vikundi vidogo, saa moja kila baada ya wiki mbili, ndani ya saa za kazi zinazolipwa, wakizungumza kuhusu kazi yao wakiwa na mwongozaji. Hali ya kuona maana ya kazi ilipanda, na tabia ya kuwachukulia wagonjwa kama vitu ilipungua. Kwa hapa gharama yake ni saa moja na chupa ya chai. Shida itakuwa kwingine: kwetu mdogo hasemi mbele ya mkuu kwamba amezidiwa. Profesa akiwa ndani ya chumba, kila mtu atakuwa mzima. Basi vikundi viwe vya rika moja, wakubwa wawe na chao, na kinachosemwa kisifike kwenye tathmini ya mtu. Hospitali ni kijiji; neno likitoka mara moja tu, kikundi kimekufa.

Turudi kwenye fedha, kwa kuwa naona ndiko kwenye kiini. Hospitali ya rufaa iko chini ya Wizara ya Afya. Ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Mbeya, ambayo wanafunzi wake wanajifunzia katika hospitali hiyo, iko kwenye sekta ya elimu. Mpangilio wa namna hii, wodi moja na mabwana wawili, una kasoro ya kimaumbile: bingwa wa hospitali anafundisha wanafunzi wa chuo, na mhadhiri wa chuo anatibu wagonjwa wa hospitali. Serikali ilipoachana na OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na kuleta PEPMIS, ule wa kidijitali, kila mtumishi aliingia kwenye mfumo wa kuandika majukumu yake na kuthibitishwa na msimamizi. Msimamizi wa hospitali anahesabu wagonjwa, wa chuo anahesabu machapisho. Saa ya kumwelekeza tarajali kitandani mwa mgonjwa ni rahisi kudondoka katikati.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo kwa muda rasmi, lakini kwa namna tofauti na inavyodaiwa. Pawe na mkataba wa saa kati ya chuo na hospitali, na chuo kiilipe hospitali saa za ualimu kwa njia inayoonekana wodini, kwa mfano kwa kugharamia daktari wa kushika zamu wakati bingwa anafundisha. Hapo mgonjwa wa Sumbawanga ana mtu wa kumwona. Nusu siku ianzie kwenye idara zenye mabingwa watatu au zaidi. Anayeichukua aonyeshe ilichozaa: somo lililofundishwa, andiko lililosonga, mdogo aliyelelewa. Aliye na bango la saa 10 jioni abaki nalo, mradi saa 8 hadi 10 ziwe na kitu cha kuonyesha.

Mama anayerudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84 asipimwe machapisho kwa kipimo kilekile cha mwenzake wa kiume ambaye mwaka huo hakusimama. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

Idara yenye bingwa mmoja ndiyo inayobaki ngumu, na nusu siku haiwezi kuigusa. Huko dawa ni bingwa wa pili. Ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubobezi unaotolewa na serikali upo, ila idara ikimpeleka masomoni daktari wake wa pekee, miaka mitatu au zaidi inabaki wazi, na akirudi, Dodoma na Dar es Salaam zinamtaka pia. Wakuu wa idara hizo waulizwe wanamtaka nani na lini, kabla bajeti haijafungwa na mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai. Na atakayeletwa kuziba pengo apewe nyumba karibu na hospitali, maana usiku wa Juni hapa Mbeya simu ya dharura inalia kwenye baridi kali na bodaboda ni za kutafuta.