India, ASEAN na hesabu ya mawese

Kuna tarakimu mbili ambazo kila mwanasiasa wa Delhi anazijua kwa ghibu. Katika mwaka wa fedha wa 2023-24 India iliziuzia nchi za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, bidhaa za dola bilioni 41 hivi, ikanunua kwao za karibu dola bilioni 80. Pengo ni dola bilioni 38 na ushei. Kabla ya mkataba wa biashara huria ya bidhaa kuanza kutumika Januari 1, 2010, pengo hilo lilikuwa chini ya bilioni 10. Mtu akiziona tarakimu hizo haoni haja ya kuuliza zaidi: India ilifungua mlango, majirani wakauza walivyotaka, basi mkataba ufumuliwe.

Naiheshimu hoja hiyo, maana nyuma yake wapo watu walioumia kweli, na nitawafikia. Lakini naona inaionea Indonesia, Malaysia, Vietnam na wenzao. Tena inaifanya India ielekeze kidole ng'ambo ya Ghuba ya Bengal wakati shida kubwa iko nyumbani kwake.

Tuanze na karai. Neno lenyewe tulilipata kutoka Bara Hindi, pamoja na bajia na kachori zinazokaangwa ndani yake. Muuza bajia wa Chennai, kusini mwa India, anapowasha jiko asubuhi, mafuta anayomimina kwenye karai lake huenda yamekamuliwa Sumatra au Kalimantan huko Indonesia, au Sabah huko Malaysia. India huagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayotumia, na hakuna nchi duniani inayonunua mawese mengi kuliko yeye, tani milioni 8 hadi 9 katika mwaka wa kawaida. Kwa miaka mingi bei ya mawese imekuwa chini ya ile ya alizeti na soya. Ndiyo maana yanakwenda kwa muuza bajia, kwenye kiwanda cha biskuti, na kwa mama anayehesabu kila rupia. Huko Tamil Nadu serikali ya jimbo huyauza kwenye maduka ya mgao, lita moja kwa rupia 25, pamoja na mchele na dengu. Familia inayopanga foleni na kadi yake ya mgao mkononi inafaidika na sehemu ya ile "hasara" ya dola bilioni 38.

Sasa tuuangalie mkataba wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hupitia haraka. Mawese hayakuachiwa yaingie bure. Yaliwekwa kwenye kundi la bidhaa maalumu pamoja na kahawa, chai nyeusi na pilipili manga. India ilikubali kushusha ushuru polepole hadi mwisho wa 2019, ufikie asilimia 37.5 kwa mafuta ghafi na asilimia 45 kwa yaliyosafishwa, na haikudaiwa kushuka zaidi ya hapo. Ushuru wa asilimia 37.5 unatosha kumlinda mkulima. Nani aliuondoa? Oktoba 2021, bei za vyakula zilipopanda, Delhi yenyewe ilifuta ushuru wa msingi wa mawese ghafi ukawa sifuri. Septemba 2024, wakulima wa mbegu za mafuta walipolia na bei, ikaurudisha kwa mkupuo hadi asilimia 20. Mei 2025 ikaushusha tena hadi asilimia 10. Hakuna mtu wa Jakarta wala Kuala Lumpur aliyekuwa ameishika kalamu hiyo.

Siilaumu serikali kwa kushusha ushuru. Mlaji ana haki yake, na serikali yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 wa kulisha haiwezi kuiacha bei ya mafuta ijipandie tu. Ninachosema ni kwamba haifai kufuta ushuru kwa hiari yako leo, halafu kesho uuhesabu mzigo wa mawese ulioingia kuwa ushahidi kwamba mwenzako alikupunja.

Mawese ni kipande kimoja tu cha lile pengo. Yapo na makaa ya mawe ya Indonesia yanayochomwa kwenye mitambo ya umeme ya pwani za India. Vipo na vipuri vya kielektroniki kutoka Vietnam, Malaysia na Singapore. Hivi vya mwisho vinahitaji kutazamwa kwa utulivu. Simu inayounganishwa Noida au Sriperumbudur, huko India, ina vipande vilivyopita Penang ya Malaysia au Bac Ninh ya Vietnam. Ikikamilika na kupakiwa kwenda Marekani, thamani yake yote inaandikwa kama mauzo ya India kwa Marekani, na Delhi inaisherehekea. Vipande vyake vimeshaandikwa kwenye safu ya ASEAN kama manunuzi, na Delhi inavililia. Simu ni ile ile. Ukizuia vipande ili safu ya pili ipendeze, umeikausha safu ya kwanza.

Mitaji nayo haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Katika mwaka ule ule wa 2023-24 Singapore ndiyo iliyoongoza kwa kuingiza mitaji ya moja kwa moja India, karibu dola bilioni 11.8. Ni kweli sehemu yake ni fedha za kampuni za nchi nyingine zinazopitia Singapore kwa sababu za kodi na sheria, lakini bado ni fedha zilizoingia. Vietnam, ambayo miaka 30 iliyopita ilikuwa nchi ya kupewa misaada, leo ina kampuni ya magari ya umeme, VinFast, iliyofungua kiwanda Thoothukudi, kusini mwa Tamil Nadu, Agosti 2025. Ajira za kiwanda hicho huwezi kuzisoma kwenye urari wa biashara.

Upande wa pili una hoja, na ya kwanza inatoka Kerala, jimbo la kusini mwa India. Oktoba 2, 2009, wiki chache baada ya mkataba kutiwa saini Bangkok, chama cha Kikomunisti kilichokuwa kikiongoza jimbo hilo kiliwapanga watu barabarani wakiwa wameshikana mikono kutoka kaskazini hadi kusini mwa jimbo kuupinga. Kerala ni nchi ya wakulima wadogo wa nazi, mpira, iliki na pilipili manga. Mwenye minazi yake michache nyuma ya nyumba, anayeanika mbata juani na kuiuza kwa kilo, hana namna ya kushindana na shamba la michikichi la maelfu ya hekta huko Sumatra. Mafuta ya nazi yalipoteza nafasi jikoni kwa mafuta ya bei nafuu, na hilo halikumuumiza yeyote mjini Delhi. Kuhusu pilipili manga, hata hivyo, haki inataka tuseme kwamba sehemu kubwa ya malalamiko ilihusu pilipili ya Vietnam iliyokuwa ikizungushwa Sri Lanka na kuingia kwa kivuli cha mkataba mwingine kabisa. India ililiona hilo, na Desemba 2017 ikaweka bei ya chini ya kuagiza, rupia 500 kwa kilo.

Hoja ya pili ni ya uasili wa bidhaa, na kwangu hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Bidhaa iliyotengenezwa China ikishushwa kwenye bandari ya nchi ya ASEAN, ikabadilishiwa kasha na kupewa cheti cha uasili, inaingia India kwa ushuru usio wake. India ilikaza kanuni mwaka 2020, ikamtaka mwagizaji athibitishe mwenyewe bidhaa ilitengenezwa wapi na vipi. Ilikuwa haki yake. Pia ni kweli kwamba kuna nchi za ASEAN, Indonesia ikiwemo, zilizofungua sehemu ndogo ya masoko yao kuliko ile India iliyoifungua kwao. Ni kweli vilevile kwamba wahandisi na wahasibu wa India, ambao ndio mtaji wake mkubwa, bado wanakumbana na vizuizi vya vibali licha ya mkataba wa huduma ulioanza kutumika 2015. Yote hayo ni ya kuwekwa mezani. Hakuna hata moja linalothibitisha kwamba nakisi yenyewe ni wizi.

Kinachonisikitisha ni kwamba malalamiko ya ASEAN kwa India hayapewi hata robo ya nafasi hiyo.

Chukua mfano wa Malaysia. Septemba 2019 Waziri Mkuu Mahathir Mohamad aliikosoa India kwenye Umoja wa Mataifa kuhusu Kashmir, eneo linalogombaniwa na India na Pakistan. Januari 2020 Delhi ikawekea vikwazo uagizaji wa mawese yaliyosafishwa. Tangazo halikuitaja nchi yoyote, lakini muuzaji mkuu wa mafuta hayo alikuwa Malaysia, na wafanyabiashara wa pande zote walielewa. Mahathir mwenyewe alikiri hadharani kwamba nchi yake ni ndogo mno kuweza kulipiza. Unaweza kuyachukia aliyoyasema kuhusu Kashmir, lakini mwenye shamba dogo la michikichi huko Johor hakuwa ameyasema.

Kisha ukaja mchele. Julai 20, 2023 India, muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, na amri ikaanza kazi mara moja. Bei zilipanda Bangkok na Jiji la Ho Chi Minh, kwa sababu kila mnunuzi alikimbilia huko. Mwanzoni mwa Septemba Rais Marcos wa Ufilipino alilazimika kuweka bei kikomo madukani, peso 41 kwa kilo ya mchele wa kawaida na peso 45 kwa ule uliokobolewa vizuri, na wauzaji wadogo waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu zaidi wakabaki wanauza kwa hasara. Baadaye India ilitoa mgao maalumu, tani 295,000 kwa Ufilipino na 170,000 kwa Malaysia. Marufuku yenyewe iliondolewa Septemba 2024. Sisi wa Afrika Mashariki tunaokula mchele wa Asia tuliionja bei hiyo nasi. Serikali ya India ilikuwa na sababu zake, mvua zisizotabirika na uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Lakini jiweke mahali pa waziri wa kilimo wa Manila, halafu uambiwe nchi hii ndiyo mshirika mbadala wa China wa kuaminiwa kwa chakula.

Maana hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo. Nchi hizi zinaitaka India iwepo, na waziwazi. Ufilipino ilitia saini Januari 2022 mkataba wa dola milioni 375 wa kununua kutoka India makombora ya BrahMos, na shehena ya kwanza ikafika Aprili 2024. Lakini biashara ya China na ASEAN imepita dola bilioni 900 kwa mwaka, wakati ya India imekuwa ikielea kwenye bilioni 120 na zaidi kidogo. Novemba 4, 2019, mjini Bangkok, India ilijitoa dakika za mwisho kwenye RCEP, mkataba wa biashara huria wa ASEAN na majirani zake wakiwemo China, ikihofia bidhaa za China na maziwa ya New Zealand na Australia. Hofu ya wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu naielewa kabisa. Nchi 15 zilizobaki zilitia saini mwaka uliofuata na kuiachia India nafasi ya kujiunga wakati wowote. Tangu Januari 2022 zinajenga minyororo yao ya viwanda kwa kanuni ambazo India haikai mezani kuziandika.

Agosti 2023 India na ASEAN zilikubaliana kuupitia upya mkataba wa 2010, lengo likiwa kumaliza mwaka 2025. Mazungumzo yamekwenda kwa kusuasua. India inakuja na orodha ya ushuru na kanuni za uasili, na ina haki ya kudai kanuni kali. Laiti ningesikia na ASEAN ikija na kifungu cha chakula: kwamba hakuna upande utakaofunga mauzo ya mchele au mafuta bila notisi, na kwamba mgao wa dharura kwa mshirika unajulikana kabla ya njaa. Kifungu kama hicho kingemfaa mlaji wa Chennai pia, ambaye Aprili 2022 alishtukia Indonesia nayo imefunga mauzo ya mawese kwa wiki tatu na siku kadhaa.

Kisha kuna barabara. Mwaka 2002 India, Myanmar na Thailand zilikubaliana kuunganishwa kwa barabara ya takriban kilomita 1,360 kutoka Moreh, mji wa mpakani katika jimbo la Manipur, hadi Mae Sot, Thailand. Ilitarajiwa 2015, ikasogezwa 2019, haikufika. Kwenye kipande cha upande wa Myanmar kuna madaraja 69 ya kubadilishwa. Februari 2021 jeshi lilipindua serikali Myanmar na vita vikaenea. Mei 2023 mapigano ya kikabila yakalipuka Manipur kwenyewe.

Moreh kuna jamii ya Watamil, kilomita maelfu kutoka kwao. Wazee wao walikuwa wafanyabiashara Burma, jina la zamani la Myanmar, wakaondoka miaka ya 1960 chini ya utawala wa kijeshi wa Ne Win, wakapelekwa Tamil Nadu wasikokujua. Baadhi yao wakaamua kurudi Burma kwa njia ya nchi kavu, wakazuiwa mpakani, wakaweka makazi hapo hapo Moreh na kujenga hekalu lao. Kwa miongo mingi mji huo uliishi kwa kuvuka kwenda soko la Namphalong, upande wa mji wa Tamu nchini Myanmar, na kurudi na bidhaa begani. Februari 2024 serikali ya India ilitangaza kufuta utaratibu ulioruhusu wakazi wa mpakani kuvuka bila viza, na kujenga uzio kwenye mpaka wote wa Myanmar, kilomita 1,643. Uzio huo unapita Moreh, pale pale barabara ya kwenda Thailand inapoanzia.