Dua ya saa nane usiku: kama imeshaandikwa, twaomba nini?

Usiku usio na mwezi, ukisimama Katonga pale Ujiji ukatazama Ziwa Tanganyika, utadhani kuna mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Giza ndilo wanalolitaka, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hukaa mwaloni. Dada yangu aliolewa na mvuvi, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa na tabia moja: akiamka usiku, hutoka nje kutazama taa. Usiku ninaouzungumzia aliamshwa na upepo, kiasi cha saa nane. Alipotoka, ule mji wa ziwani ulikuwa umezimika nusu.

Akatandika mswala ukumbini, mlango ukiwa wazi. Mimi nilikuwa nimelala kwao, nikamsikia. Hakuomba kwa maneno ya kitabuni. Alimtaja mumewe kwa jina, akamtaja na mama mkwe wake, akataja hadi rangi ya mtumbwi na rangi ya shati alilotoka nalo, kama anayemwelekeza mtu asije akampotea. Aliomba hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Mitumbwi mingine ilirudi. Wa shemeji haukurudi, na mwili wake uliopolewa siku ya pili. Mwenzake aliyenusurika alitueleza kwamba mtumbwi ulipinduka upepo ulipoanza tu, na shemeji hakukaa sana juu ya maji. Kila mtu pale msibani alipiga hesabu moyoni na hakuna aliyeitamka. Dada alipotandika mswala, mumewe alikuwa ameshafariki.

Aliyeitamka ni mpwa wangu, kijana wa miaka 19, baada ya hitima. "Mjomba, kama siku ya baba ilikuwa imeshaandikwa, mama alikuwa anaomba nini?"

Sikumjibu siku ile. Nimekaa na swali lake muda mrefu, nimelipeleka kwa masheikh wa Ujiji na kwa wakwe zangu Wakristo wa Kasulu, na nataka kulipima hapa kwa haki, kwa sababu kijana hakuwa anakufuru. Alikuwa anafikiri.

Swali lenyewe lina nguvu kuliko wengi wetu tunavyokubali. Qurani, katika Sura ya 57 aya ya 22, inasema hakuna msiba unaotokea katika ardhi wala katika nafsi zetu ila umekwisha kuandikwa kabla haujaumbwa. Kwa Wakristo, Mathayo 6:8 inasema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Waha nao wana jina Bizimana, wanalompa mtoto huku Kigoma na ng'ambo ya mpaka, Burundi, na maana yake ni kwamba Mungu ndiye ayajuaye. Na sisi sote tuna methali isemayo jitihada haiondoi kudura. Ukiyaweka pamoja, swali la mpwa wangu linajipanga lenyewe: kama Mungu ameshaamua jambo liwe, litakuwa hata nikinyamaza, kama ameamua lisiwe, halitakuwa hata nikilia. Na ukisema dua yangu inaweza kumfanya aamue vingine, basi umesema kuna kitu alikuwa hajakijua au hajakipima sawasawa mpaka mimi nilipomkumbusha. Nani atathubutu kusema hivyo?

Hoja hii ni ya zamani. Wagiriki waliijua kabla ya Ukristo na kabla ya Uislamu, nao waliiita hoja ya uvivu. Mfano wao ulikuwa wa mgonjwa: kama imepangwa upone, utapona umwite mganga usimwite. Mwanafalsafa Chrysippus aliijibu kwa maneno ambayo sijaona bora yake: mambo hayapangwi moja moja, hupangwa yakiwa yamefungana. Kama imepangwa upone, huenda imepangwa upone kwa kumwita mganga. Aliyelikata hilo la katikati hajaielewa kadari, ameikata vipande.

Jibu hilohilo lilitolewa na Khalifa Umar bin Khattab mwaka wa 18 wa Hijra, na masheikh wetu hupenda kulisimulia. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa tauni imeingia nchi ile. Akaamua kurudi. Abu Ubayda, aliyekuwa kiongozi wa jeshi huko Sham, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una malisho na mwingine mkavu. Akilisha penye majani amelisha kwa kadari, akilisha penye ukame amelisha kwa kadari. Kwa hiyo kuchagua nako kumo ndani ya kadari.

Kutoka hapo mpaka kwenye dua ni hatua moja, na Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliipiga. Alisema dua ni sababu ya kuondoa balaa kama ngao ilivyo sababu ya kuzuia mshale, na kama maji yalivyo sababu ya mmea kutoka ardhini. Anayeamini kadari hatupi ngao vitani, wala haachi kumwagilia shamba kwa kusema kama mbegu imeandikiwa kuota itaota. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino akayaandika karibu yaleyale kwa Wakatoliki: hatuombi ili tubadilishe mpango wa Mungu, tunaomba ili tupate yale ambayo Mungu amepanga yapatikane kwa kuombwa.

Nilipomweleza mpwa wangu habari hizi, alizisikiliza kwa adabu, kisha akasema neno lililonirudisha nyuma. "Mjomba, ngao naiona inavyofanya kazi. Boya la kuvaa naliona. Mtu akilivaa anaelea, awe mwema au mbaya. Dua ya mama siioni."

Ana haki. Hapo ndipo mfano wa ngao unapochoka. Wapo waliojaribu kuipima dua kama dawa inavyopimwa. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Baadhi waliombewa, baadhi hawakuombewa, na wagonjwa wa makundi hayo mawili hawakujua wapo wapi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na asilimia 51 kwa wasioombewa. Hakuna tofauti ya kuzungumzia. Kundi la tatu, waliohakikishiwa kwamba wanaombewa, walipata matatizo zaidi, asilimia 59. Mwenye imani anaweza kusema Mungu hawekwi kwenye mizani ya hospitali, na mimi nakubaliana naye: ombi kwa mwenye hiari si kidonge. Lakini basi tukubali na gharama yake. Tukisema dua haipimiki, tusikimbilie kuihesabu siku inapotufaa.

Na tunakimbilia. Pale msibani palikuwa na waliosema dua ya dada ndiyo iliyomwokoa yule mwenzake shemeji. Walitaka kumfariji. Sikulikubali neno hilo siku ile na silikubali leo. Dada hakumtaja yule mwenzake hata mara moja, na mke wa yule naye alikuwa kwenye mswala wake. Faraja ya namna hiyo humfanya mjane ahisi kwamba zawadi yake ilipelekwa nyumba ya jirani.

Kuna njia nyingine, ya wale wanaosema kilichoandikwa kinaweza kufutwa. Hawajajitungia. Sura ya 13 aya ya 39 inasema Mwenyezi Mungu hufuta na huthibitisha ayatakayo, na kuna hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba hakuna kinachorudisha kadari ila dua. Wakwe zangu wa Kasulu walinipa mfalme Hezekia: nabii Isaya alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa, akageukia ukutani akaomba akilia, akaongezewa miaka 15. Wakanipa na Ninawi, mji uliopewa siku 40 kisha ukasamehewa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hulipatanisha hili kwa kusema kuna maandishi waliyonayo malaika, ambayo hubadilika, na kuna asili ya kitabu iliyoko kwa Mungu, ambayo haibadiliki, na humo tangu mwanzo imo hata hiyo dua na hilo badiliko lake. Maelezo haya nayapenda, ila naona yanatupeleka mlangoni kwa Chrysippus tena: dua imo ndani ya mpango. Na swali la kijana linabaki limesimama, maana mama yake naye aliomba akilia.

Wanaosema dua humbadilisha mwombaji tu, basi, nitawapitia haraka. Ni kweli humbadilisha. Lakini dada yangu hakuamka saa nane usiku kutafuta utulivu wa moyo. Alitaka mumewe arudi. Ukimwambia kazi ya dua yake ilikuwa kumtuliza, umemnyang'anya alichokuwa anakifanya. Aya inasema "Niombeni nitakuitikieni", na kuomba ni kuomba.

Kwangu mimi uzito wote uko kwenye ile saa. Tuseme dua inaweza kuwa sababu. Je, inaweza kuwa sababu ya jambo lililokwisha kupita? Wanazuoni wa Kiyahudi walilitolea hukumu katika Mishna, kitabu cha sheria zao kilichokusanywa karibu na mwaka 200. Walisema anayelilia yaliyopita, dua yake ni bure, na wakatoa mfano unaofanana mno na usiku wetu: mtu yuko njiani anarudi, anasikia yowe mjini, anasema, "Iwe si nyumbani kwangu." Bure, wakasema. Yowe limeshapigwa, nyumba ni ile iliyo ile.

Kwa hukumu hiyo dada yangu aliomba bure kuanzia saa nane mpaka alfajiri. Nilikaribia kuikubali. Kilichonizuia ni ileile kadari iliyolizaa swali. Boethius, Mkristo aliyeuawa Italia mwaka 524, alifundisha kwamba Mungu hayatazami ya mbele kama sisi tunavyobashiri mvua. Kwake nyakati zote ziko wazi kwa pamoja. Nalielewa hili kwa treni ya kwenda Tabora. Aliye ndani ya behewa anaiona Uvinza, kisha Kaliua, kisha Urambo, na kwake Urambo bado haipo mpaka afike. Anayeiona reli yote kutoka juu haambiwi "bado". Sasa fikiri: kama Mungu aliamua ya usiku ule kabla dunia haijaumbwa, na alijua kila kitakachosemwa na kila mja, basi dua ya saa nane ilikuwa mbele yake alipoamua. Haikuchelewa. Ingechelewa kwa Mungu anayeamua mambo yakifika. Imani ya kwamba yote yamepangwa, ambayo mpwa wangu aliiona inamfunga mama yake mdomo, ndiyo pekee ninayoiona inaipa dua yake nafasi ya kufika kwa wakati.

Wale wa Mishna wana haki juu ya anayejua. Kumwomba Mungu afute unachojua kimetokea ni kumtaka aifanye jana isiwe jana. Dada hakujua. Alikuwa na giza, upepo, na taa zilizozimika.

Hata hivyo sitajifanya nimemaliza. Nikisema dua ilifika, ni lazima niseme pia kwamba jibu lilikuwa hapana. Masheikh wanayo hadithi kwamba dua ya Muislamu hailali: hupewa alichoomba, au huwekewa akhera, au huondolewa shari mfano wake. Wakristo wanaye Yesu wa Gethsemane, aliyeomba kikombe kimwepuke na hakikumwepuka. Asiyeamini atasema mlango wenye majibu ya namna hiyo hauwezi kukosea kamwe, na kwa hiyo hausemi kitu. Hoja yake ni nzito na sina cha kuishinda. Ninachoweza kusema ni kwamba Abu Ubayda, yule aliyemuuliza Umar swali, alibaki Sham na tauni ile ikamuua, na hakuna upande uliowahi kusema kifo chake kilimwonyesha Umar kuwa na haki au yeye kuwa na kosa.

Lakini kuna matumizi ya kadari ninayoyapinga bila kupepesa. Ni yale ya kusema "imeandikwa" mahali ambapo palitakiwa kuwa na boya. Mtumbwi wa shemeji haukuwa na hata moja. Wanaoacha boya mwaloni kwa jina la kadari hawaachi taa, hawaachi mafuta ya injini, hawaachi nyavu. Kwenye samaki wanaamini sababu, kwenye roho ya mtu ndipo wanapokumbuka maandiko. Kama dua ni sababu, boya nalo ni sababu, na aliyelitupa hili hawezi kujificha nyuma ya ile.

Mpwa wangu sasa ndiye anayeingia ziwani. Mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, alikaa nyumbani miezi mitatu, na nadhani dada hakuwahi kulala vizuri kama siku zile. Nikiwa kwao jioni giza linapoingia, huniuliza kwanza kama mwanawe amevaa boya. Nikimwambia amevaa, ndipo hutandika mswala. Huutandika tena saa nane, upepo uwepo usiwepo.